Sura ya Sita: Asia Ilikwishafika Kasese

Mteja anayetaka mgahawa wa "Kiasia lakini wa kisasa" huja na picha kwenye simu. Ukizipitia utaona taa nyekundu za karatasi, Buddha wa plasta kando ya mashine ya kahawa, mianzi ya plastiki iliyochomekwa kwenye kokoto nyeupe, na dari iliyozungushiwa taa za zambarau. Picha hizo zimepigwa Dubai au Guangzhou, ndani ya majengo ambayo kiyoyozi chake hakizimwi. Naye anataka vyote hivyo vihamie Kasese, mji ulio chini kwenye Bonde la Ufa, ambako saa nane mchana bati huwaka kama kikaango na vumbi la lori moja linatosha kubadilisha rangi ya kitambaa cha meza.

Ushauri wangu ni aitie simu mfukoni, avuke barabara, akalitazame duka la zamani la Mhindi.

Reli ilifika Kasese mwaka 1956. Haikufuata watu, ilifuata shaba ya Kilembe, mgodi ulio kilomita chache tu kutoka mjini, juu kwenye bonde la mto Nyamwamba. Shaba ilishushwa hadi Kasese, ikapakiwa kwenye mabehewa, ikapelekwa Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls lililokuwa limefunguliwa miaka miwili kabla. Penye stesheni na mishahara ya kila mwezi hapakosi mwenye duka. Wahindi walikuwa wamekwisha kuzoea kazi hiyo Uganda nzima, tangu enzi za Alidina Visram, mzaliwa wa Kutch aliyeanzia biashara Bagamoyo, akatandaza matawi yake hadi ndani kabisa ya Uganda, na kufariki mwaka 1916. Kasese ilikuja baadaye sana, lakini duka lilijengwa kwa kanuni zile zile.

Umbo lake kila Mganda analijua hata kama hajawahi kusimama kulitazama. Mbele kuna baraza lenye nguzo, limeinuliwa ngazi mbili au tatu kutoka barabarani. Milango ni ya mbao, mipana, ya kukunja vipande vipande, hivi kwamba asubuhi ukuta mzima wa mbele unatoweka. Ndani kuna chumba kirefu na chembamba chenye dari ya juu, na chini ya paa safu ya matundu ya hewa. Nyuma kuna ua, nao umezungukwa na jiko, stoo na vyumba vya kulala vya familia. Juu kabisa, kwenye paji la jengo, mara nyingi utakuta mwaka uliochongwa kwenye saruji.

Kila kipande hapo kina ukoo wake. Baraza ni ndugu wa otla, kile kibaraza cha nyumba za Gujarat ambapo mgeni hupokewa na kuzungumza bila kulazimika kuingia ndani. Watu wa Lamu na Unguja hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Milango ya kukunja utaikuta pia katika mitaa ya maduka ya Mji Mkongwe. Ua wa nyuma unavuta hewa ya moto juu na kuiachia nafasi hewa ya baridi iingie kutoka mbele. Hii ndiyo Asia ya jadi, na imekwishajaribiwa na jua la Ikweta kwa zaidi ya nusu karne. Ningekuwa na pesa za kutosha jambo moja tu, ningezitumia kuirudisha ifanye kazi kabla sijanunua taa hata moja.

Lakini kwanza hati. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia lazima waondoke, na muda waliopewa ulikuwa siku 90. Nyumba na maduka yao yakawekwa chini ya bodi ya serikali ya kusimamia mali zilizoachwa, kisha yakagawiwa, yakapangishwa na kupokezanwa. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya wenyewe kudai mali zao, na katika miaka ya 1990 serikali ya Museveni ilirudisha nyingi. Kwa mbunifu historia hii ina pande mbili. Upande mmoja ni neema: mpangaji asiyejua kesho nyumba itakuwa ya nani habomoi ukuta wala habadilishi mlango, na ndiyo maana mbao za zamani bado zipo chini ya matabaka ya rangi ya mafuta. Upande wa pili ni hatari. Wako waliokarabati jengo kwa jasho lao kisha akatokea mwenye karatasi. Kabla ya kununua lita moja ya rangi, jina lililo kwenye hati lijulikane, na mkataba uwe wa miaka inayotosha kurudisha gharama.

Kati ya waliofukuzwa mwaka 1972 ilikuwamo familia ya Thakrar, iliyofika Uingereza na kujenga biashara ya mchele wa Tilda. Mwaka 2010 Shamil Thakrar na binamu yake Kavi, pamoja na wenzao, walifungua Dishoom ya kwanza mjini London. Leo ukitafuta mfano mmoja wa mgahawa uliochanganya Asia ya jadi na usasa bila kuchekesha, wabunifu wengi watakutajia huo. Siri yake ni finyu kuliko watu wanavyodhani. Hawakuchukua "Asia". Hawakuchukua hata India. Walichukua mikahawa ya Wairani wa Bombay, yaani mji mmoja, zama moja na aina moja ya biashara, wakafuata meza zake za marumaru, viti vyake vya mbao iliyopindwa, vioo vyake na picha za wazee ukutani. Dishoom yao ya King's Cross imo ndani ya banda la zamani la kupokelea mizigo ya reli, nao hawakulificha. Matofali na vyuma vimeachwa vionekane.

Kasese nayo ina stesheni, na treni iliacha kuja tangu mwishoni mwa karne iliyopita. Sisemi kila mtu akimbilie stesheni. Ninachosema ni kwamba anayetaka mgahawa wa Kiasia hapa achague Asia ipi na ya lini, na iliyo karibu zaidi ni duka la Kigujarati la miaka ya 1950 na 1960. Akiongeza joka la Kichina kwa sababu lilikuwa na bei nafuu Kampala, amekwishaharibu. Na sanamu za ibada, za Buddha au za Ganesha, aziache kabisa kama si mwumini. Kuna wateja watakaoiona sanamu ya mungu wao mlangoni mwa choo, na hawatarudi.

Sasa matundu ya hewa, maana hapa ndipo uzuri ulipo.

India ya kaskazini na Gujarat zina sanaa ya jali, ukuta au kidirisha kilichotobolewa kwa nakshi ili kipitishe upepo na kukata jua. Jali mashuhuri kuliko zote iko Ahmedabad, katika msikiti uliojengwa mwaka 1573, ambapo jiwe limechongwa likawa mti wenye matawi yanayojipinda na kukumbatiana, mwanga ukipenya kila upenyo. Aliyeujenga msikiti huo aliitwa Sidi Saiyyed, naye alikuwa Mhabeshi, mtu wa Afrika aliyefika Gujarat. Hilo nalitaja kwa sababu kila mara kuna anayeuliza kama si aibu Mkonzo, mwenyeji wa hapa, kuweka jali kwenye mgahawa wake.

Jiwe la kuchonga halihitajiki. Laurie Baker, mzaliwa wa Uingereza aliyeishi na kujenga Kerala, kusini mwa India, hadi alipofariki mwaka 2007, alizitengeneza jali zake kwa matofali ya kawaida ya kuchoma, kwa kuacha tu nafasi kati ya tofali na tofali. Ukuta wa namna hiyo unakula matofali machache zaidi, hauhitaji fremu ya dirisha wala kioo, na fundi yeyote mwenye timazi na subira anauweza. Matofali ya kuchoma hayana shida Kasese. Shida ni fundi kuamini kwamba tundu umeliacha kwa makusudi. Mchoree safu tatu ardhini kwa matofali makavu bila udongo, azione, ndipo aanze.

Usiweke jali upande wa barabara kwa urefu wa mtu aliyekaa, kwa sababu vumbi litaingia kwenye mchuzi. Upande wa barabara iwe juu ya kichwa, na upande wa ua iteremke hadi kiunoni. Nyuma yake piga wavu wa mbu, na uwe wa kufungua ili ufuliwe. Kama duka linatazama magharibi, jua la alasiri litachoma meza za mbele kuanzia saa nane, mpaka liangukie nyuma ya milima ya Rwenzori. Jioni ya Kasese hufika mapema kuliko saa ya jua kuzama iliyoandikwa kwenye kalenda, kwa sababu mlima umesimama njiani. Kivuli hicho ni saa nzuri ya biashara, na meza za barazani ziwe tayari kukipokea.

Sakafu iwe nyekundu. Saruji iliyochanganywa na oksaidi nyekundu, ikalainishwa kwa chuma na kusuguliwa kwa nta, ndiyo sakafu ya nyumba nyingi za zamani za Kerala na Kitamil, na ndiyo sakafu ambayo bibi zetu wengi waliipiga nta kwa magoti yao. Saruji yenyewe inatoka Hima, ndani ya wilaya hii hii. Nimeona watu wakiing'oa wakaweka vigae vyeupe vya kung'aa, vinavyoonyesha kila unyayo na kuteleza vikimwagikiwa maji. Kosa la mafundi kwenye sakafu nyekundu ni kuimimina chumba kizima kwa mara moja, na ikikauka hupasuka. Ikatwe miraba ya mita moja hadi moja na nusu, na kwenye mikato itiwe ukanda mwembamba wa shaba nyeupe au alumini. Ukanda huo ndio usasa pekee ninaoutaka sakafuni.

Milango ikwanguliwe rangi taratibu, kwanza sehemu ndogo, uone ni mbao gani. Ikiwa mvule umepata mali, maana mti huo sasa ni adimu. Tia mafuta, usitie vanishi ya kung'aa. Kuna mtindo wa kuikata milango ya zamani kuwa meza. Siupendi. Mlango uliokuwa unafungua ukuta mzima kwa upepo ukiugeuza meza, umepoteza mlango, nayo meza ina mashimo ya bawaba.

Usasa uko wapi basi? Mwingi hauonekani. Uko jikoni, kwenye meza za chuma kisichoshika kutu, kwenye sinki mbili, ya vyombo na ya mboga, kwenye mfereji wa mafuta unaofunguka ukasafishwa. Uko kwenye tanduri. Tanuri hilo la udongo linazidi nyuzi 400, na mtindo wa mijini ni kuliweka nyuma ya kioo ili wateja waone mikate ikibandikwa. Kasese hilo ni adhabu. Liwekwe uani, chini ya paa lake lenye bomba refu, upande ambao upepo unaondoka, na mikate ipitishwe dirishani. Anayetaka kutazama atakwenda uani, na watakwenda.

Usasa uko kwenye mwanga pia. Balbu ziwe za mwanga wa manjano, wa Kelvin 2,700, zining'inizwe sentimita 70 au 80 juu ya meza, kila moja na swichi yake. Balbu nyeupe za buluu, zile za dukani kwa simu, zinafanya pilau ionekane ya jana. Kwenye jali tia mwanga kutoka nyuma, ndani ya ua, na wapita njia watauona ukuta wote ukiwa na nakshi ya nuru bila wewe kununua nakshi.

Nimeulizwa zaidi ya mara moja meza iwe na ukubwa gani, na jibu linategemea watu wanakulaje. Mgeni wa sinia ya Kigujarati, yule wa thali, anakula peke yake kutoka kwenye sahani kubwa ya chuma ya sentimita kama 30 iliyojaa vibakuli. Sinia nne zinataka meza ya sentimita 90 kwa 90, wala si ya 70. Lakini Kasese watu wanakula obundu pia, ugali wa muhogo, na obundu huwekwa katikati, mikono ikakutana hapo hapo, pembeni sombe, yaani majani ya muhogo, na samaki ngege wa ziwani. Meza ya duara inafaa zaidi. Katika chumba chembamba cha duka, chenye upana wa mita tano hivi, ningepanga benchi refu la saruji nyekundu ukutani upande mmoja, meza za mraba mbele yake, na za duara uani. Njia katikati isipungue sentimita 90, maana anayehudumu amebeba sinia mbili. Na maji ya kunawa mikono yasifichwe kwenye korido ya choo. Mhindi ananawa kabla ya kula, Mkonzo ananawa kabla ya kula. Sinki ya saruji au ya shaba mlangoni, yenye bomba mbili, ndiyo pambo la kwanza la mgahawa huu.

Tena kuna kijana wa chapati. Karibu kila baraza la duka la zamani lina mmoja, ana sigiri yake, kikaango bapa, trei ya mayai, na foleni. Wamiliki wengi wakikarabati jengo jambo la kwanza ni kumfukuza, kwa sababu ya moshi na kwa sababu roleksi yake, chapati iliyokunjwa na yai, na kikomando chake, chapati na maharage, vinashindana na menyu ya ndani. Naona ni upungufu wa macho. Chapati ndiyo Asia iliyoingia tumboni mwa Uganda ikakubaliwa bila mjadala, na yeye ndiye mwenye kuipika mbele ya watu. Mpe kona ya baraza, mjengee jiko la tofali lenye bomba, mpe kodi ndogo na aproni, na chapati za ndani zitoke kwake. Harufu itafanya kazi ambayo bango haliwezi.

Ukishuka kutoka Kasese, ukapita Kikorongo na barabara ya Katwe, ukafika Bwera, karibu yote niliyosema lazima yapangwe upya. Majengo mengi ni mapya, ya bloku za saruji, madirisha ya alumini, bati bila dari. Hakuna duka la kurithi. Kilichopo ni mpaka wa Kongo: soko la Mpondwe, daraja la mto Lhubiriha, Kasindi ng'ambo, na watu wanaovuka kutwa na maharage, kahawa, samaki, mafuta na vitambaa. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ndugu wa lugha, na penye kukwama Kiswahili cha Kongo kinamaliza.

Mteja wa Bwera hakai. Amekuja na mzigo, ana lori linalomsubiri, anataka kuona gunia lake huku anakula. Kwa hiyo baraza, ambalo Kasese ni pambo na pumziko, hapa ndilo mgahawa wenyewe. Lijengwe pana, mita tatu, na benchi la saruji linaloelekea barabarani, na chini ya benchi nafasi tupu inayotosha gunia lililolazwa. Jali ya matofali iwe ukuta wa nyuma wa baraza, ili anayekaa ndani naye aone nje. Paa la bati liwekewe dari ya mikeka au mbao nyepesi yenye nafasi ya hewa juu yake, la sivyo mvua ikianza hakuna atakayesikia anachoagiza. Juni 2019 Ebola ilivuka mpaka na kuthibitishwa katika Hospitali ya Bwera, na mabomba ya kunawia yakasimamishwa kila mlango. Mengi yalikuwa ndoo juu ya vigoda. Mgahawa mpya uyajenge ya kudumu, ya kukanyaga kwa mguu, moja kwa kila watu wachache.

Na Asia ya Bwera ni ipi? Haimo kwenye jengo. Imo sokoni, imekunjwa kwenye meza za wauza vitenge. Karne ya 19 Waholanzi waliiga batiki za Java kwa mashine, Vlisco ya mji wa Helmond ikianza mwaka 1846, na kitambaa hicho hakikushika sana kwa Wajava kama kilivyoshika kwa Waafrika. Sasa vitenge vingi vinachapishwa China, vinafika Mpondwe, vinavuka kwenda Beni na Butembo. Mipasuko midogo ya rangi unayoiona kwenye kitenge kizuri, kama nyufa za udongo mkavu, ni alama ya nta iliyovunjika, na nta hiyo asili yake ni Java. Mwenye mgahawa wa Bwera anayetaka Asia asiagize chochote Kampala. Achague na mama muuza vitenge mtindo mmoja, wa kaniki na kahawia, aununue wa kutosha mara moja kwa sababu mwezi ujao hautakuwapo, aufanye mito ya benchi, na kipande kimoja kirefu akinyooshe ndani ya fremu ya mbao kwenye ukuta mweupe. Ukuta mwingine wowote ubaki mtupu. Mito ishonwe kwa zipu, itolewe na kufuliwa kila wiki kwa maji ya moto na sabuni ya mche, kwa sababu sombe ya kule mpakani hupikwa kwa mawese.